Diski ya Chiriku

Kwa miaka thelathini na mmoja, ukipiga simu hospitali kuu, mtu wa kwanza kukupokea alikuwa yeye. Sauti yake ilikuwa ya chini, isiyo na haraka, na watu waliopiga wakiwa wamechanganyikiwa walijikuta wametulia hata kabla hajawaunganisha na wodi. Wafanyakazi walimwita Laini. Wengine walidhani ni kwa sababu ya laini za simu, wengine kwa sababu ya tabia yake, na mwenyewe alisema yote mawili ni sawa maadamu hawamwiti wakati anakula. Alipostaafu wakamwongezea heshima mbele ya jina, akawa Mzee Laini.

Alikuwa haoni. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minane, wakati tayari amejifunza kusoma na kuandika, kwa hiyo herufi zilibaki kichwani mwake kama zilivyokuwa ubaoni: A na miguu yake miwili, S iliyojikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Namba za ndani za hospitali, zaidi ya mia nne, alizijua kwa moyo. Ukimpigia mara moja, mara ya pili alikutambua kwa kikohozi.

Mke wake alimpata kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa karani wa bohari ya dawa upande wa pili wa mji, na kila asubuhi alipiga kuulizia mahitaji ya wodi. Kazi yenyewe ilitaka dakika mbili. Yeye alitumia kumi na tano, maana alikuwa na la kusema juu ya mvua, juu ya bosi wake, juu ya viatu vilivyombana. Siku moja Laini akamwambia anaongea kama chiriku. Yule mwanamke akajibu kwamba chiriku haimbi mahali asiposikilizwa, akakata simu. Mwaka uliofuata walioana, na jina la Chiriku likahamia naye nyumbani pamoja na masanduku yake.

Basi Chiriku akawa macho ya nyumba. Alimsomea mumewe kila kitu: gazeti, barua za shule za binti yao, maelezo ya kwenye pakiti za dawa, na riwaya, riwaya nyingi. Hakuwa mtu wa kuigiza sauti za wahusika. Alisoma kama alivyoongea, akiikatiza hadithi ili amkaripie aliyemo. "Huyu naye mjinga," angesema katikati ya sentensi, kisha akaendelea kwa pumzi ile ile, hata mumewe hakujua kama maneno hayo yameandikwa kitabuni au ni ya mkewe. Hakuuliza. Alisema ndivyo vitabu vinavyonoga.

Miaka minne baada ya wote wawili kustaafu, sauti ya Chiriku ilianza kukwaruza. Kwanza walidhani ni mafua. Mzee Laini ndiye aliyekataa kudhani hivyo. Alisema sauti ya mafua inatoka puani, na hii inatoka mahali pengine, chini, kama mlango uliovimba kwa unyevu. Alimsumbua mpaka wakaenda kupimwa. Daktari aliwakalisha pamoja akawaeleza taratibu kwamba kuna uvimbe mbaya kwenye zoloto, kwamba umewahiwa, na kwamba kuutoa ni kutoa sehemu nzima inayofanya sauti. Angepona, lakini hangeongea tena. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa maswali, aliuliza moja tu: bado muda gani. Akaambiwa wiki tano.

Siku ya pili yake alianza kumtuma mumewe matembezini. Mara aende kwa kinyozi, mara aende kwa rafiki yake aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa, mara aende akanyooshe miguu tu. Mzee Laini alichukua fimbo yake akaenda bila ubishi. Alijua. Aliporudi alisikia chumba cha kulala kimebadilika mlio. Kulikuwa na blanketi dirishani na godoro limeegemezwa mlangoni. Mkewe alikuwa anajirekodi. Kompyuta ilikuwa ile ya zamani aliyoacha binti yao alipohamia mji mwingine kufundisha, na kwa kuwa tumbo la kompyuta hiyo lilikuwa limejaa, Chiriku alihifadhi kila kitu kwenye diski ya nje, kijisanduku cha ukubwa wa kiganja kilichounganishwa kwa waya mfupi.

Alichosoma ni riwaya nene ya kurasa mia saba, habari za ukoo wa wajenzi wa reli. Walikuwa wameisoma mwaka wa kwanza wa ndoa, na tangu hapo mumewe alikuwa anaiomba, na yeye alikuwa anajibu kwamba kitabu kama kile kinahitaji watu wasio na kazi. Sasa alikisoma chote, sura sitini na nne, kwa koo lililomuuma. Sura ya mwisho aliimaliza asubuhi ya siku aliyolazwa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe uliondoka wote. Chiriku alirudi nyumbani akipumua kupitia tundu dogo chini ya shingo, lililofunikwa kwa kitambaa chepesi, na nyumba ikabaki na sauti za vitu tu: sufuria, bomba, bawaba za mlango.

Fikiria watu wawili hao. Mmoja hawezi kusema, mwingine hawezi kusoma kilichoandikwa kwa wino. Kalamu na karatasi, ambavyo vingemwokoa mgonjwa mwingine yeyote, havikuwa na maana ndani ya nyumba ile. Wiki ya kwanza walipapasa tu. Kisha Mzee Laini akafungua kiganja chake akamwambia mkewe aandike humo, herufi kubwa moja moja, kwa kidole. Kugonga mara moja kukawa ndiyo, mara mbili hapana. Chiriku alishika upesi mno. Kidole chake kilikimbia kama ulimi wake wa zamani, kikala irabu, kikaruka maneno, mpaka mumewe akawa anamwomba apunguze mwendo. Alimwambia kwamba chiriku ni chiriku hata kwa ukucha.

Yale aliyorekodi hayakuguswa miezi miwili. Mzee Laini aliogopa kuyasikiliza mbele yake, akidhani itakuwa kama kumtonesha. Mwishowe ni Chiriku aliyemkalisha kitini mchana mmoja, akabonyeza mwenyewe. Sauti ikatoka: "Sura ya kwanza. Umekaa vizuri? Haya." Mzee Laini alinyoosha mkono hewani akitafuta mkono wa mkewe, akaupata, akaushika mpaka sura ilipokwisha.

Baada ya hapo wakawa wanasikiliza kila siku. Lakini kulikuwa na kasoro. Programu ya kompyuta ilipanga sura kwa akili zake yenyewe: baada ya sura ya kwanza ikapiga ya kumi, ya kumi na moja, mpaka ya kumi na tisa, ndipo ikarudi ya pili. Mzee aliyezikwa kwa heshima zote sura ya kumi na saba alionekana sura ya pili akitongoza. "Kumbe kaburi halikumfaa," alisema Mzee Laini, na akajua mkewe anacheka kwa sababu kochi lilitikisika. Hilo lingeweza kurekebishwa kwa kubadili majina ya mafaili. Kilichomkera hasa ni kwamba kila sura ilipokwisha, ile sauti ya mashine inayowasomea wasioona yaliyo kwenye skrini iliingia kati kutaja jina la faili, na ilisoma Kiswahili kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Ilikuwa kama mgeni anayeingia chumbani bila kubisha hodi.

Chiriku akaamua kuunganisha sura zote ziwe faili moja refu, mumewe abonyeze mara moja tu na asikie sauti yake mwanzo mpaka mwisho. Alijifunza namna ya kufanya. Mara nne alijaribu, na mara nne diski ilikataa kulipokea hilo faili, ikidai ni kubwa mno, wakati zaidi ya nusu ya diski ilikuwa tupu. Mara ya nne alichukua kiganja cha mumewe akaandika: DISKI IMEKUFA.

Walikwenda kwanza kwenye kibanda cha simu na kompyuta mtaa wa pili. Mwenye kibanda aliichomeka, akatazama kidogo, akasema inahitaji kufomatiwa, kazi ya dakika tano. Mzee Laini akauliza kufomati kutafanya nini kwa vilivyomo. Yule bwana akasema vitafutika, lakini diski itakuwa kama mpya. Alikuwa ameshashika kipanya. Mzee Laini hakugombana naye. Alipapasa mezani akaufuata waya mpaka kwenye diski, akaichomoa, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akamshukuru. Njiani Chiriku aliandika kwenye mkono wake maneno ambayo hayafai kurudiwa hapa.

Fundi waliyemwamini walimpata mahali ambapo Mzee Laini hakuhitaji fimbo. Kile chumba chake cha simu hospitalini kilikuwa sasa karakana ya kompyuta, na aliyekuwa amekaa mahali pake ni mwanamke wa makamo aliyeitwa na kila mtu Fundi. Aliwaamkia, akavuta viti viwili, akasikiliza habari za faili lililokataliwa, akaikagua diski bila kuharakisha.

"Mzee, hii haijafa," alisema. "Tatizo ni mpangilio wake wa ndani. Diski zote zina mpangilio wa kutunza mafaili, na hii imetengenezwa kwa ule wa zamani, FAT32. Huo haupokei faili moja linalozidi giga nne, hata diski ikiwa tupu namna gani. Hili lenu litakuwa na karibu giga sita."

Chiriku alimgonga mumewe mara moja kwenye kifundo cha mkono kuonyesha ameelewa.

Fundi akaeleza kwamba uko mpangilio mwingine, NTFS, usio na mpaka huo, na kwamba watu wengi wanaubadilisha kwa kufuta kila kitu kwa sababu ndiyo njia ya mkato. Lakini ndani ya kompyuta yenyewe kuna amri inayobadilisha mpangilio huku vitu vikiwa humo humo. Ni safari ya kwenda tu. Anayetaka kurudi kwenye wa zamani ndiye lazima afute. Alisema pia kwamba kama wanapenda njia rahisi zaidi, faili linaweza kukamuliwa likawa dogo, na hakuna kitakachopungua ila vile ambavyo sikio halivisikii.

"Sikio la nani?" aliuliza Mzee Laini.

Fundi alimtazama yule mzee aliyepokea simu za hospitali nzima miaka thelathini na mmoja, akacheka, akasema basi hawatakamua.

Sharti lake lilikuwa moja: hataigusa amri ile kabla hajaona nakala ya kila kitu pembeni. "Amri yenyewe ina adabu," alisema. "Umeme ndio hauna." Mzee Laini naye alikuwa na sharti lake. Diski haitalala nje ya nyumba. Fundi hakuona vibaya. Akaahidi kuja Jumamosi asubuhi na diski nyingine ya kunakilia.

Jumamosi ile Chiriku alifuta meza mara tatu. Fundi alifika na mkoba wake, akahakikisha betri ya kompyuta imejaa, akaweka diski mbili mbali na ukingo wa meza. Kisha akafanya jambo ambalo Mzee Laini hakulitarajia. Alimwambia akae yeye kwenye kibodi. Kazi hii, alisema, haina picha wala vitufe vya kubofya, ni maandishi matupu, na mashine yake ya kusoma itamsomea kila mstari. Tena mwenye mali akiendesha mwenyewe hana wa kumlaumu. Mzee Laini alikuwa mpiga chapa mzuri tangu ujana. Alivuta kiti. Chiriku akasimama nyuma yake, mikono juu ya mabega yake, na Fundi akakaa pembeni akielekeza.

Wakaanza na nakala. Faili moja moja lilihama, na mashine ikataja jina la kila moja kwa lafudhi yake ya maji mdomoni. Sura ya kwanza. Sura ya pili. Baada ya muda Fundi akauliza kama wanataka kunakili pia ile folda nyingine.

"Folda gani?" alisema Mzee Laini.

Mikono ya Chiriku ilitulia ghafla mabegani mwake. Folda iliitwa ZA NYUMBANI, na kabla hajaweza kumzuia mtu, mashine ilikuwa imeshaanza kuitaja orodha. Chumvi imezidi. Geuka unakoroma. Binti amepiga simu hajambo. Leta mkono. Usinichukulie kama mtoto. Samahani. Nimekusamehe. Nipo hapa hapa.

Vilikuwa vipande vifupi, karibu mia mbili. Chiriku alikuwa amerekodi maneno ya kila siku, akifikiri kwamba akishakosa sauti atakuwa anabonyeza tu jambo alitakalo. Fundi, ambaye alikuwa na akili kichwani, alikumbuka kwamba ameacha kitu kwenye pikipiki yake, akatoka nje.

Mzee Laini alifungua kiganja. Akauliza kwa nini hakumwambia, kwa nini hajawahi kuyatumia. Chiriku aliandika polepole kwamba aliona haya. Alijaribu mara moja, walipokuwa wamenuniana, akatafuta neno la kujibu katika orodha, na alipolipata ugomvi ulikuwa umeshapoa.

"Sikiliza," alisema mumewe. "Mimi nimefanya kazi ya simu. Laini inayosema bila kusikia siyo simu, ni tangazo. Haya maneno ni yako na ninayataka, nitayasikiliza moja moja. Lakini nikikuuliza kitu, nijibu kwa kidole. Kidole chako kinanisikia."

Aliandikiwa kitu kiganjani, akafunga ngumi juu yake. Alichoandikiwa hakuwahi kukisema. Fundi aliporudi alibisha kwanza.

Nakala iliendelea mpaka sura ya arobaini na moja. Hapo ikasimama. Mashine ikasema faili halisomeki. Fundi akaelekeza wajaribu tena, wakajaribu. Akabadilisha waya, wakajaribu mara ya tatu. Akasema wairuke, wamalize nyingine kwanza, na nyingine zote zikapita salama. Kisha akampa Mzee Laini amri ya kuikagua diski na kutengeneza palipoharibika. Ukaguzi ulichukua karibu saa nzima. Ulipokwisha, kilichookolewa cha sura ya arobaini na moja kilikuwa sekunde ishirini tu: sauti ya Chiriku ikitaja namba ya sura, ikikohoa, ikiomba radhi kwa kukohoa, na kuanza sentensi ambayo haikufika mwisho. Fundi alisema wazi kwamba hakuna zaidi. Sehemu hiyo ya diski ilikuwa imechoka yenyewe, labda muda mrefu, na bora wamegundua sasa. Na kuanzia leo diski iliyochoka isiachwe peke yake kamwe, nakala ibaki nao hapo nyumbani.

Chiriku alikaa chini. Sura ile angeweza kuisoma tena kwa dakika ishirini na tano, zamani. Alichukua kiganja cha mumewe akaandika NISAMEHE.

"Sura moja?" alisema Mzee Laini. "Mama, ulipokuwa unanisomea kwa mdomo wako nililala sura nzima nzima, wewe ukaendelea tu. Sikukuambia, maana ungenipiga na kitabu."

Alipigwa begani, siyo kwa nguvu.

Ndipo wakafika kwenye kazi yenyewe. Fundi alimtajia amri herufi kwa herufi: neno la kubadilisha, herufi ya diski, alama ya mkwaju, kisha jina la mpangilio mpya. Mzee Laini aliandika, akaisikiliza ikisomwa, akabonyeza. Kompyuta haikuanza. Iliuliza kwanza jina la diski, ili iwe na hakika kwamba mtu anajua anachokibadilisha. Mzee Laini hakujua kama diski ina jina. Fundi alikuwa anainama kutazama skrini, lakini Chiriku alimwahi. Kwa kuwa mikono ya mumewe ilikuwa kwenye kibodi, aliandika mgongoni mwake, herufi kubwa, kutoka bega hadi bega: C, H, I, R. Mzee Laini alianza kutabasamu kwenye R, na zilizobaki akaziandika bila kuambiwa.

Kompyuta ikakubali. Ikasema inapima nafasi inayohitajika. Ikasema nafasi inatosha. Ikasema inabadilisha mpangilio. Kisha ikanyamaza.

Dakika moja ikapita, na ya pili. Mashine ya kusoma haikuwa na mstari mpya wa kusoma, kwa hiyo haikusema chochote, na kwa mtu asiyeona kompyuta iliyonyamaza na kompyuta iliyokufa ni kitu kimoja. Mzee Laini alikaa mikono ikiwa hewani juu ya kibodi, akiogopa hata kuishusha. Katika maisha yake alikuwa amesubiri kimya cha aina hiyo mara nyingi: mtu yuko upande wa pili, hasemi, na hujui kama anapumua au amekata. Fundi alitaka kumwambia kwamba ni kawaida, ila alimwona Chiriku akisogea, akaacha.

Kwenye kona ya diski kulikuwa na taa ndogo ya buluu iliyowaka na kuzima kila diski ilipofanya kazi. Chiriku aliikazia macho, na kwa kidole kimoja akaanza kugonga bega la mumewe kila ilipowaka. Tap, tap. Kimya. Tap, tap, tap. Haikuwa na mpangilio. Wakati mwingine ilikimbia, wakati mwingine ilikaa. Mara moja ilikawia mno hata kidole chake kikabaki kimeinuliwa, naye Mzee Laini akavuta pumzi akaishikilia. Kisha tap. Alielewa bila kuelezwa. Alishusha mikono yake mapajani akafuata mapigo yale, akiinamisha kichwa kidogo upande wa bega lililogongwa, kama alivyokuwa akiinamia kipokezi cha simu.

Dakika ya saba mashine ikazungumza. Ilisema kazi imekamilika.

Hawakushangilia. Fundi aliwaambia wasubiri, akahesabu mafaili kabla na baada, akafungua moja huku na moja kule. Yote yalikuwepo. Mchana ule Chiriku aliunganisha sura zake, ikiwemo ile ya sekunde ishirini, na diski ikalipokea faili lile refu bila neno. Fundi alikula nao, akakataa kuchukua chochote zaidi ya hicho, akasema chumba anachofanyia kazi ni cha mzee, yeye amekiazima tu.

Lakini pengo la sura ya arobaini na moja lilimkaa Chiriku kama jiwe kwenye kiatu. Binti yao alijitolea kuisoma akija likizo. Chiriku alishukuru, akagonga mara mbili. Kabla wiki haijaisha alimwandikia mumewe kwamba anataka kufundishwa nukta nundu, yale maandishi ya vidole ya wasioona. Mzee Laini alimwambia ni kazi ngumu kwa mtu wa miaka sitini na sita. Akaandikiwa kwamba kuongea kwa kidole nako kulikuwa kugumu.

Chini ya kitanda palikuwa na kibao cha nukta nundu alichotumia Mzee Laini shuleni na kalamu yake ya ncha butu ya kutoboa. Walikaa mezani kila asubuhi. Ugumu wa maandishi yale ni kwamba unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, upande wa nyuma wa karatasi, ili msomaji akigeuza ayakute yamesimama sawa. Kwa hiyo kila herufi unaiandika kinyume. Chiriku alichanganya herufi pacha, akaweka H penye J na E penye I, na mumewe hakumsaidia kabla hajacheka kwanza. Alikuta kwamba wajenzi wa reli, badala ya kuwasha jiko asubuhi, waliwasha heko. Akaisoma mara mbili kwa sauti. Chiriku alimnyang'anya karatasi.

Alinakili sura nzima kutoka kitabuni, nukta kwa nukta, kwa muda wa wiki tano. Kidole cha shahada kiliota sugu. Zilikuwa kurasa thelathini na tatu nene, na alizifunga kwa uzi wa kushonea.

Siku ya kurekodi wakaweka blanketi dirishani. Mzee Laini alikaa kitandani, kurasa mapajani, na mkewe akakaa karibu yake kwenye kompyuta. Hakuwa amemsomea mtu kitabu maishani mwake. Alikuwa amezoea kusema maneno machache na kuwapisha wengine waongee. Sauti yake ilianza kwa woga, ikataja namba ya sura, kisha vidole vikashika njia na sauti ikavifuata, ile ile ya chini isiyo na haraka. Penye neno lililotobolewa vibaya alisimama, na Chiriku akamwandikia sahihi yake kwenye mkono, naye akaendelea. Katikati jirani alibisha mlango akaulizia ngazi. Mzee Laini alimjibu, na sauti ya jirani wakaiacha humo humo.

Alipomaliza alipapasa ukurasa wa mwisho kuhakikisha hakuna mstari uliobaki. Chiriku alizima kirekodi. Mumewe akauliza kama ameharibu. Mara mbili, aligongwa. Kisha akachukuliwa kiganja.

TENA, aliandika.

Akamkumbusha kwamba kirekodi kimezimwa. Akagongwa mara moja. Basi Mzee Laini akanywa maji, akageuza rundo lile la karatasi juu chini, akatafuta kwa vidole mahali sura inapoanza.